Wimbo wa Sufuria

Nimestaafu. Nasema hivyo kwa sababu neno lenyewe ni tamu mdomoni, si kwa sababu kuna mtu aliyeniandikia barua. Mtunzi wa nyimbo za filamu hapa Tabora hana ofisi, wala hana meza ya kuhamisha vitu vyake siku ya mwisho. Siku moja nilifunga kaunta buku yangu, nikaiweka kabatini chini ya mashuka, nikamwambia paka kwamba kazi imeisha. Paka hakupinga. Ndipo nyinyi vijana wa studio mkanifuata, mkitaka niwaandikie jinsi watu wawili wanavyoweza kutunga wimbo mmoja bila kuuana, maana nyinyi hammalizi hata kiitikio kabla mmoja hajajitoa kwenye grupu la simu. Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikuwa navyo, na malipo sitayataja kwa kuwa mtahuzunika bure.

Nilianzia kwenye kwaya, kwetu Goweko. Nilikuwa nafundisha nyimbo za Kwaresima, na nilijiona mshairi mkubwa kwa sababu waumini walikuwa wakilia. Baadaye niligundua kwamba Kwaresima wanalia hata bila mimi. Nikasikia kuna fundi redio huko Ng'ambo, Tabora mjini, anaitwa Shabani, na kwamba chumba cha nyuma cha duka lake amekigeuza studio ambako watu wa filamu wanakuja kurekodi. Nikachukua shairi langu lenye beti kumi na moja, nikaenda. Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, miwani imefungwa kwa waya.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umeleta redio?"

"Nimeleta shairi."

"Limeharibika wapi?"

Alifuta mikono, akasoma karatasi zote tatu bila kubadilisha uso. Kisha akaniuliza mimi kabila gani. Nikamwambia Mnyamwezi. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mimi Mzaramo," akasema. "Basi kaa nikutukane kwa raha. Dada, hili si shairi. Hii ni barua ya kuomba kazi, tena kazi yenyewe hukupata."

Kwa wale waliokulia kwenye simu, nieleze. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kuku wako, kukucheka mbele ya wakwe, nawe huna ruhusa ya kununa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko msibani, kuzuia maiti mlangoni, kumsingizia marehemu madeni, ili wafiwa wapate kupumua. Babu yake Shabani alikuja na msafara kutoka pwani, akaumwa miguu hapa Tabora, wenzake wakamwacha. Mimi nilikuwa nikimwambia Shabani kwamba ukoo wao mzima bado unasubiri miguu ipone.

Hiyo ndiyo siri yetu ya kazi, na najua mlitarajia kitu cha kitaalamu zaidi. Watunzi wengi niliowaona wameachana kwa sababu mmoja alisema ubeti wa mwenzake ni mbovu. Sisi tulianza kila siku kwa kuambiana hivyo, kwa hiyo kufika mchana hakukuwa na jambo jipya la kukasirikia. Niliandika ubeti, akauita matapishi. Alileta sauti, nikamwambia imeibwa kwa muuza barafu. Kilichobaki baada ya matusi yote hayo ndicho tulichorekodi.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Kinanda kimoja chenye vitufe viwili visivyolia, ndiyo maana ukisikiliza nyimbo zetu za mwanzo utaona zinaruka mahali fulani kama mtu anayevuka dimbwi. Kuna mtu wa redio aliwahi kuusifu mruko huo, akauita mtindo wa Tabora. Ukutani trei za mayai na mablanketi mawili ya harusi ya Shabani. Wakati wa mvua hatukurekodi, maana bati lilikuwa linaimba kutushinda. Wimbo mmoja una honi ya treni katikati ya kiitikio, na mwongozaji wa filamu ile alitupongeza kwa kuonyesha kwamba mpenzi ameondoka. Tukapokea pongezi.

Shabani alikuwa anatoa sauti kwanza, bila maneno, akiimba "na-na-na" huku akiuma waya. Mimi nilikuwa nachora mstari kwenye kaunta buku kila alipovuta pumzi. Maneno yanakaa kati ya pumzi na pumzi. Neno linalomlazimisha mwimbaji apumue katikati yake, litoe hata kama limetoka mbinguni. Kisha kulikuwa na mtihani. Mke wake, Bi Mwanaidi, alikuwa akikaa uani anachagua mchele, nami nilisomewa hukumu kupitia dirisha. Nilisoma mstari kwa sauti. Mikono yake ikiendelea kutembea kwenye ungo, mstari unafutwa. Ikisimama, mstari unabaki. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno moja kuhusu nyimbo zetu, na sijawahi kupata mhakiki mkali kama yule.

Matatizo yetu makubwa yalikuwa waongozaji. Mwongozaji wa filamu hataki wimbo, anataka muhtasari wa filamu wenye ngoma. Mmoja alituita Ziba, alikokuwa anapiga picha za wafugaji, akatuagiza wimbo utaje mume, mke mdogo, sumu, ng'ombe waliouzwa na hukumu ya mahakama, kisha akauweka mwanzoni kabisa mwa filamu. Watu walikaa saa mbili wakitazama mambo waliyokwisha kuimbiwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba mtazamaji hapendi kushtukizwa. Na ng'ombe wamo kwenye kiitikio, kwa sauti zao wenyewe, kwa sababu hawakukubali kunyamaza.

Sasa nifike kwenye kazi ile.

Mama yangu alifariki Goweko, kwenye nyumba tuliyozaliwa mimi mwenyewe na mwanangu wa kwanza. Sitasema mengi. Mlio na mama mtayajua, msio naye mnayajua tayari. Kwa siku nne sikula wala sikulia, nilikuwa kama mtu aliyejazwa pamba. Siku ya mazishi Shabani alikuja kutoka mjini kwa pikipiki, kanzu imejaa vumbi jekundu, na jeneza lilipoanza kutolewa nje, akajilaza mlangoni.

"Haendi mtu!" akapiga kelele. "Huyu bibi anaondoka na sufuria yangu! Mwizi mkubwa wa Unyamwezi! Bibi, amka uniambie, sufuria umeificha wapi?"

Waombolezaji walicheka. Shangazi yangu Kalekwa, dada yake baba na mkubwa wa familia yetu, alicheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka, na kicheko kikafungua mlango, machozi yote ya siku nne yakatoka kwa pamoja. Sijui ningekuwaje leo kama asingejilaza pale.

Siku hiyohiyo alikuwepo mwongozaji kijana kutoka Dar, Kelvin, aliyekuja Goweko kutafuta mabani ya kukaushia tumbaku kwa ajili ya filamu yake. Ilikuwa ya mama mkulima anayekufa na binti anayebaki. Alisimama nyuma ya watu na simu yake, anarekodi, anafuta macho. Jioni akatuambia, "Huu ndio wimbo wangu. Hivihivi. Msibadilishe kitu."

Tuliutunga kwa siku mbili. Shabani alitoa sauti nzito, ya kutembea na jeneza. Mimi nilichukua kelele zake za mlangoni nikazipanga:

*Mama unakwenda, mbona hugeuki,*
*sufuria yangu umeweka wapi?*
*Jiko limepoa, moto hauwaki,*
*rudi uilete, nipikie nini?*

Niliposoma dirishani, mikono ya Bi Mwanaidi ilisimama mstari wa kwanza na haikutembea tena mpaka mwisho. Tulijua tumepata.

Hapo nikafanya la kwangu. Nilikuwa na kidonda kimoja katika kazi hii, nacho ni jina. Filamu ikiisha, majina yanapita: shukrani kwa mwenye jenereta, kwa mama lishe, kwa mwenye uwanja, nimewahi kuona hata shukrani kwa mbuzi aliyechinjwa kwenye harusi. Mtunzi hayupo. Nikamwambia Kelvin kwamba safari hii nataka jina langu, mwanzoni, tena kubwa. Akakubali. Akamuuliza Shabani naye analitaka namna gani.

"La kwangu liandike dogo," Shabani akasema. "Sisi Wazaramo hatupendi ushahidi."

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa mjini alasiri moja, kwenye ukumbi uliotundikwa shuka jeupe. Nilimleta Shangazi Kalekwa kutoka Goweko, nikamkalisha mstari wa mbele na kitenge kipya. Mara likatokea: MANENO: MELANIA LUHENDE. Herufi kubwa kiasi kwamba hata shangazi, asiyesoma bila miwani, alilisoma bila miwani. Niligeuka nyuma kuhakikisha kila mtu ameliona. Walikuwa wameliona.

Kisha mama wa kwenye filamu akafa, binti akapiga magoti kaburini, akafungua mdomo, na wimbo wetu ukatoka. Ndipo nilipoelewa tulichofanya.

Mimi na Shabani, kila tulipousikia wimbo ule, tulimsikia mtani mlangoni. Haikutupitia akilini hata mara moja kwamba kwenye filamu hakuna mtani. Anayeimba ni binti. Ni mtoto anayemdai mama yake sufuria, juu ya udongo mbichi, kwa kilio. Mtu wa mbali angeona ni huzuni tu. Lakini ukumbi ule ulijaa watu wa Tabora, wanaojua nani anaruhusiwa kusema nini msibani, na mtoto hayumo. Mtoto akidai, amedai kweli. Shangazi yangu aligeuka, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti:

"Melania. Mama yako alikuwa mwizi?"

Nilimtafuta Shabani kwa macho anisaidie. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Anacheka.

Hukumu ilitoka wiki ileile. Misa ya kumbukumbu ya mama ya kutimiza mwaka ilikuwa inakaribia, na shangazi akatuma neno kwamba nisije. Mtoto aliyemdai marehemu mama yake, tena akaliandika jina lake kwa herufi kubwa ili tusije tukamkosa, hawezi kumwekea mama huyo shada. Nilijaribu kueleza kwa simu. Nilisema ni wimbo, ni sanaa, anayesema pale siye mimi. Shangazi aliniuliza jina lile pale juu lilikuwa la nani. Miaka yote nimepigania jina, na siku nilipolipata likawa hati ya mashtaka.

Niliumia, tena si kwa sababu ya sanaa. Nilitaka kusimama kwenye kaburi la mama yangu siku ile, basi. Na nilimkasirikia Shabani, jambo ambalo mtani haruhusiwi kulifanya. Mwezi mzima sikukanyaga Ng'ambo. Alinitumia ujumbe akiuliza kama miguu yangu nayo inaniuma. Sikumjibu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na shangazi mwenyewe. Siku tatu kabla ya misa, asubuhi, Shabani alifika Goweko kwa pikipiki, akaingia uani kwake bila hodi, akaketi kwenye kigoda.

"Nimefuata sufuria yangu," akasema.

Shangazi akadhani atatania kidogo kisha aondoke. Hakuondoka. Chakula kilipoiva alikaribishwa, akakataa. Alisema hali chakula kilichopikwa kwenye sufuria ngeni, atakula kikipikwa kwenye yake. Jua likapanda, likaanza kushuka, mzee wa watu amekaa na njaa anadai. Majirani wakaja kutazama. Kila aliyefika alielezwa upya, kwa kina, jinsi marehemu alivyokuwa hodari wa kuiba vyombo.

Mwishowe shangazi akauliza, "Wewe Mzaramo, maneno ya wimbo ule ni ya nani?"

"Ya kwangu, ya nani tena? Uliyasikia mlangoni kwa masikio yako. Melania alikuwa karani tu. Shida yake alitaka jina."

Shangazi anasema hapo alianza kucheka na akashindwa kujizuia. Akamuuliza hiyo sufuria yenyewe ikoje. Shabani alikuwa amekula kwa mama yangu mara nyingi, alikuwa na macho. Akajibu, "Nyeusi chini, ina sikio moja." Ilikuwa ni sufuria ya mama, ile aliyotupikia uji sisi sote. Shangazi akaingia ndani, akaitoa, akampa ili aondoke uani kwake. Akaifunga nyuma ya pikipiki akaondoka, na hata ugali hakula.

Jioni shangazi akanipigia. "Njoo kwenye misa," akasema. "Na umwambie huyo mwizi wako arudishe sufuria ya mama yako."

Nilikwenda, nikasimama, nikaweka shada. Kesho yake nikaenda Ng'ambo. Nilimkuta anachomelea redio, na sufuria ya mama iko rafuni, imejaa skrubu.

"Sufuria ya mama yangu hiyo," nikasema.

"Ipi? Hii yangu? Kaa chini, tuna kazi."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na kila siku tulianza hivyohivyo. Niliidai, akanifukuza, akawasha kinanda. Ningeweza kuichukua siku yoyote alipokwenda kuswali. Lakini nilijua siku nitakayoichukua, tutakosa neno la kuanzia kazi. Filamu zilikuja, waongozaji walikuja na mihtasari yao, vitufe vibovu vikafika vinne. Jina langu sikulidai tena kwa mtu. Kaunta buku za miaka hiyo mtazikuta kwangu, na maelezo ya pumzi yamo humo, chukueni, mtayaelewa.

Shabani alifariki mwaka huu, asubuhi, baada ya kuugua siku chache. Nilipofika, wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, wanaume nje, maji yalishapashwa. Waislamu hawacheleweshi maiti. Nikakaa. Kila mtu mle alijua ni mtani gani anayesubiriwa, na mtani huyo ndiye mtunzi, mwenye maneno ya kila filamu mnayoijua hapa. Nilitafuta neno moja, sikulipata. Nilijazwa tena pamba.

Jeneza likainuliwa. Bi Mwanaidi akaniangalia. "Mtani," akasema, "utamwacha aende hivihivi?"

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nimeshika miimo ya mlango kwa mikono miwili, na wanaume wamesimama na jeneza mbele yangu.

"Haendi mtu hapa!" nikasema, na sauti yangu ilikatika. Nikaanza tena. "Mzaramo mwizi! Babu yako aliumwa miguu mkatujazia mji, leo ndiyo imepona unatoroka? Husogei! Nipe kwanza sufuria ya mama yangu!"

Nilisikia wanawake nyuma yangu wakiangua kicheko na kilio kwa pamoja. Nje, sheikh aliinamisha uso akawa anazishughulikia ndevu zake. Bi Mwanaidi akainuka, akaenda chumbani, akarudi nayo. Skrubu hazikuwemo. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka chini kumekuwa kweupe, sijawahi kuiona vile hata kwa mama.

"Alisema nisikupe mpaka uidai," akaniambia. "Usipodai, nibaki nayo."

Nikaichukua, nikajitoa mlangoni, wakapita naye.

Nilifika nayo nyumbani kabla ya alasiri. Nikawasha moto, nikabandika maji ya chai. Nilikaa nikiyatazama mpaka yakachemka, na hakuna aliyenitukana.